Taifa la Nani? Magazeti ya Nairobi na Mabishano ya Mwanzo wa Uhuru

Bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, swali la nani angeshika serikali lilikuwa limekwisha kujibiwa katika uchaguzi wa Mei mwaka huo, lakini swali la taifa lenyewe, yaani ni watu gani hasa waliounda Kenya, ni nini kilichowafunga pamoja, na walidaiana nini wao kwa wao, lilikuwa bado bichi, na mahali lilipobishaniwa kila asubuhi mbele ya umma palikuwa kurasa za magazeti yaliyochapishwa Nairobi. Mabishano hayo hayakumalizwa kwa hoja. Yalikatizwa katika muda wa miaka sita hivi, kwa risasi, kwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini na kwa nguvu ya wamiliki wa mitambo ya kuchapia, na yale yaliyoachwa bila majibu yangali yakiwakabili wakazi wa vitongoji vya mji mkuu ambavyo taifa lile jipya halikuamua ni vya nani. Kianda, kijiji kilicho upande wa magharibi wa Kibera, kikipakana na mitaa ya Ayany na Olympic, ni mojawapo ya mahali hapo, na historia ya magazeti ya uhuru haiwezi kusomwa vizuri bila kutazama pia walioishi pembezoni mwake.

Mwanazuoni Benedict Anderson, katika kitabu chake Imagined Communities cha 1983, alieleza kwamba taifa ni jumuiya inayoishi kwanza katika fikra, kwa sababu hakuna raia awezaye kuwajua wenzake wote, na kwamba gazeti lilikuwa moja ya vyombo vilivyoiwezesha fikra hiyo: msomaji anayefungua ukurasa wa kwanza hujua kwamba asubuhi iyo hiyo maelfu ya watu asiowafahamu wanasoma habari zile zile, na kwa kujua hivyo hujihesabu kuwa mmoja wao. Nadharia hii ina nguvu, lakini ikiletwa Nairobi ya 1963 inakabiliwa na ugumu mkubwa, kwa kuwa wasomaji wa huko hawakuwa wakifungua ukurasa mmoja. Palikuwa na gazeti lililozoea kuwasemea walowezi, gazeti lililowasemea wasomi wapya wa Kiafrika, magazeti ya Wahindi, magazeti ya lugha za makabila, gazeti la chama tawala, na magazeti ya Kiswahili yaliyosomwa na makarani, walimu wa shule za msingi, askari, wafanyakazi wa reli na wapishi, na kila moja lilichora Kenya yake.

Kongwe kuliko yote lilikuwa East African Standard. Lilianzishwa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, likiitwa African Standard, na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi na mwanakandarasi wa reli, ambaye aliliuza kwa Waingereza mwaka 1905, nalo likahamia Nairobi mwaka 1910 na kuwa sauti ya walowezi kwa nusu karne. Uhuru ulipoingia gazeti hilo lililazimika kujifunza upya jinsi ya kusema. Mhariri wake, Kenneth Bolton, alibaki kitini hadi katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1967 kampuni ya Lonrho ya London ikalinunua, hata ikawa kwamba gazeti lililoishutumu harakati ya uhuru kwa miaka mingi liligeuka kuwa rafiki mwaminifu wa serikali iliyotokana na harakati hiyo. Wala mageuzi hayo hayashangazi, kwa kuwa tangu mwanzo gazeti lile lilikuwa likitetea mali, na lilipobainika kwamba serikali ya Jomo Kenyatta ingeiheshimu mali, hapakubaki sababu kubwa ya ugomvi. Kenyatta mwenyewe aliwahakikishia walowezi jambo hilo alipokutana nao Nakuru tarehe 12 Agosti 1963, akawaomba wabaki na kulima, na kwamba yaliyopita yasahauliwe.

Mshindani wake alizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1959 Aga Khan wa Nne, kiongozi wa Waismailia, alinunua gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Taifa, ambalo Mwingereza Charles Hayes alikuwa amelianzisha muda mfupi kabla ya hapo. Mwezi Januari 1960 likawa gazeti la kila siku kwa jina la Taifa Leo, Sunday Nation likafuata mwezi Machi, na Daily Nation likatoka kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo. Mpangilio huu unastahili kukumbukwa kwa sababu husahauliwa mno: nyumba kubwa kuliko zote za habari katika Afrika Mashariki ilijengwa juu ya gazeti la Kiswahili, na gazeti la Kiingereza ndilo lililokuja baadaye. Hata hivyo haikuchukua muda kabla Kiingereza hakijawa mwenye nyumba na Kiswahili mpangaji. Habari nzito ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza, wahariri wakuu walitoka upande huo, matangazo ya biashara yenye fedha yalikwenda huko, na Taifa Leo likaachiwa kutafsiri, ingawa lilikuwa likiwafikia watu ambao Daily Nation lisingewafikia kamwe.

Upande wa Standard nao ulikuwa na gazeti la Kiswahili, Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939 vita vilipoanza, ili kuwapelekea Waafrika habari za vita kama serikali ya kikoloni ilivyopenda zifikishwe. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Francis Khamisi, ambaye mwaka 1944 alikuwa katibu wa chama kilichokuja kuitwa KAU, yaani Umoja wa Waafrika wa Kenya. Hilo peke yake linaonyesha kwamba gazeti la Kiswahili, hata likiwa mali ya walowezi, halikuweza kuzuia mambo ya wenye lugha yasipenye humo.

Yalipenya hasa katika ukurasa wa barua. Barua kwa mhariri ilikuwa na adabu zake zilizojulikana na kila mtu: mwandishi alimwamkua Bwana Mhariri, akaomba nafasi kidogo katika gazeti lake tukufu, akaeleza jambo lake, mara nyingi kwa methali moja au mbili, kisha akatia jina lake, nambari ya sanduku la posta na mji. Mtu asiye na sanduku aliazima la mwajiri, la shule au la kanisa. Kwa njia hiyo ukurasa mmoja uliwakutanisha mwalimu wa Maseno, karani wa bandari ya Mombasa, askari aliye kambini Nanyuki na mpishi wa Nairobi, kila mmoja akiwa na anwani yake, wakibishana juu ya mahari, karo, machifu wala rushwa, mavazi ya wasichana na ugawaji wa kazi, katika lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya mama wala ya serikali. Jirani na barua palikuwa na mashairi, ambamo malenga walijibizana kwa vina na mizani kuhusu mambo yale yale. Ikiwa kulikuwa na mahali popote ambapo taifa la Kenya lilifikiriwa na watu wa kawaida kwa maneno yao wenyewe, palikuwa hapo, na ni hasara kubwa kwamba vitabu vingi vya historia ya enzi hiyo vimeandikwa kutokana na magazeti ya Kiingereza, kana kwamba kurasa hizo hazikuwapo.

Fikra zilizoshindana zilikuwa nyingi, lakini tatu zilitikisa zaidi miaka ya 1960 hadi 1964. Ya kwanza ni majimbo, yaani mfumo wa kuigawa nchi katika mikoa yenye mabunge na madaraka yake, ulioshikiliwa na chama cha KADU cha Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, ambao walihofia kwamba makabila makubwa yaliyokuwa ndani ya KANU, chama cha Kenyatta, yangemeza madogo. Katiba ya uhuru, iliyojadiliwa katika mikutano ya Lancaster House huko London, iliukubali mfumo huo kwa sehemu kubwa, lakini KADU ilijivunja Novemba 1964 na viongozi wake wakahamia upande wa serikali, na nchi ilipokuwa jamhuri mwezi uliofuata majimbo yalikuwa tayari yameanza kuzikwa. Ya pili ni Mwambao, dai la baadhi ya watu wa pwani kwamba ukanda wa maili 10, uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, usiingizwe Kenya bila ridhaa yao. Dai hilo lilifungwa kwa mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar. Ya tatu ni ya Wasomali wa wilaya za kaskazini, ambao tume iliyotumwa kwao mwaka 1962 ilikuta kwamba wengi wanataka kujiunga na Somalia, na ambao walikataliwa, vita vikafuata hadi 1967. Magazeti ya Nairobi, ya Kiingereza na ya Kiswahili pia, yaliandika vita hivyo kwa lugha ya serikali, wapiganaji wakaitwa mashifta, yaani majambazi, na msomaji wa mjini hakupewa nafasi ya kutosha kuelewa kwamba nyuma ya bunduki palikuwa na hoja ya kisiasa iliyowahi kupokewa rasmi na tume.

Katika madai hayo yote matatu, magazeti makubwa yalisimama pamoja upande wa taifa moja lenye serikali moja yenye nguvu. Mgawanyiko wa kweli ulikuja baada ya hapo, ndani ya chama cha KANU chenyewe, na ulihusu ardhi.

Hapa ndipo jina la Pio Gama Pinto linapoingia. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927 katika familia yenye asili ya Goa, akafanya kazi ya uandishi katika Daily Chronicle, gazeti la Wahindi wenye msimamo mkali dhidi ya ukoloni, na kuwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, kwa kuwasaidia wapiganaji wa Mau Mau. Alipofunguliwa alianzisha Pan African Press, kampuni ya uchapishaji iliyopata msaada kutoka India, ambayo ilitoa Sauti ya Mwafrika kwa Kiswahili likiwa gazeti la KANU, Nyanza Times kwa Kijaluo, na Pan Africa kwa Kiingereza. Pinto alikuwa ameona jambo ambalo wanasiasa wengi hawakuliona, kwamba chama kinachotegemea magazeti ya walowezi na ya matajiri wa ng'ambo kufikisha ujumbe wake kitajikuta baada ya muda kinasema ujumbe wao. Taifa lililochorwa katika magazeti yake halikuishia kwenye bendera na wimbo. Lilikuwa mkataba wa ardhi, kwamba walioipigania wapewe bila kuuziwa, na kwamba mtu wa Goa, Mjaluo na Mkikuyu wangekuwa wananchi wenzi kwa sababu ya kile walichokuwa tayari kukifanya kwa ajili ya wenzao.

Bildad Kaggia, aliyekuwa mmoja wa washtakiwa katika kesi ya kikoloni ya Kapenguria pamoja na Kenyatta, aliondolewa katika nafasi ya waziri msaidizi mwaka 1964 kwa kukataa kunyamaza kuhusu wasio na ardhi. Mwezi Aprili 1965, katika mkutano wa hadhara huko Kandara, Kenyatta alimuuliza mbele ya umati yeye Kaggia amejifanyia nini, ikiwa wenzake waliotoka naye gerezani wamekwisha kujipatia mashamba na biashara. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi, na kila linaposimuliwa upya uzito wake huongezeka, kwa kuwa mawazo mawili ya taifa yalikutana jukwaani ana kwa ana: moja lililompima mtu kwa alichowadai wengine wapewe, na jingine lililompima kwa alichojipatia.

Wakati huo Pinto alikuwa amekwisha kuuawa. Alipigwa risasi asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965 akitoka nyumbani kwake Westlands, bintiye akiwa ndani ya gari. Alikuwa mbunge, alikuwa na umri wa miaka 37, na inasimuliwa na waliokuwa karibu naye kwamba alikuwa akitayarisha majibu ya upande wa akina Oginga Odinga, makamu wa rais aliyekuwa akipingana na Kenyatta, kwa waraka wa uchumi ambao serikali ilikusudia kuupeleka bungeni. Pan African Press haikudumu muda mrefu baada yake. Waraka wenyewe, maarufu kama Waraka Nambari 10 wa 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na ulioandaliwa na wizara ya mipango ya uchumi ya Tom Mboya, ulitoka miezi michache baadaye, na ndani yake mlikuwa na kanuni iliyopanga nchi kwa miongo iliyofuata: fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yatakayozalisha zaidi, yaani yenye ardhi nzuri, mvua na barabara, na matunda yake yaje kuyafikia mengine baadaye. Magazeti makubwa yaliupokea kwa shangwe. Gazeti la kuupinga halikuwapo tena.

Haitakuwa haki kusema kwamba Nation lilikuwa kasuku wa serikali. Mwaka 1964 lilimpata mhariri mkuu wake wa kwanza Mwafrika, Hilary Ng'weno, kijana mzaliwa wa Nairobi aliyesomea fizikia Harvard, na miaka iyo hiyo ya mwanzo lilichapisha makala za mwanafunzi wa Makerere aliyejulikana wakati ule kwa jina la James Ngugi, ambaye alianza hapo kuuliza maswali atakayoyabeba maisha yake yote. Lakini aliyemfuata Ng'weno, George Githii, alikuwa amewahi kufanya kazi katika ofisi ya Kenyatta, na ingawa alikuwa mtu jasiri aliyeweza kuishambulia serikali kuhusu jambo fulani bila kuomba ruhusa, katika mzozo wa Kenyatta na Odinga alijua upande wake. Odinga alipotoka KANU mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU, katiba ilibadilishwa kwa haraka ili wabunge waliohama warudi kwa wapiga kura, na sheria ya usalama wa umma ikarudisha kizuizini bila kesi. Sheria ya Vitabu na Magazeti, iliyopitishwa na wakoloni mwaka 1960 na kuachwa kama ilivyokuwa, ilimtaka kila mchapishaji aweke dhamana ya fedha, kiasi ambacho kwa kampuni ya Aga Khan au Lonrho kilikuwa kidogo na kwa chama cha watu maskini kilikuwa kikubwa. Kwa hiyo KPU iliingia katika siasa bila gazeti la kushindana na hayo mawili.

Ulinganisho na Tanzania unasaidia hapa. Chama tawala cha huko, TANU, kilikuwa na gazeti la Uhuru kwa Kiswahili na The Nationalist kwa Kiingereza, na mwezi Februari 1970 serikali ikaitaifisha Standard ya Dar es Salaam na kumkabidhi uhariri Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini. Huko taifa liliandikwa na dola, kwa Kiswahili, na asiyekubaliana nalo hakuwa na pa kusemea. Nchini Kenya liliandikwa na wenye mali, zaidi kwa Kiingereza, na asiyekuwa nayo alipewa ukurasa wa barua. Njia zote mbili zilimnyima mtu kitu, lakini mkulima wa Tanzania angalau aliyasoma mambo ya taifa lake katika lugha aliyoimudu.

Sasa ni lazima kuuliza ni taifa gani hili lililobaki kurasani baada ya wapinzani wake kuondoka, na jibu huonekana vizuri zaidi Kibera kuliko mahali pengine popote Nairobi. Kibera ilianza kama eneo la jeshi, walikowekwa askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan pamoja na familia zao mwanzoni mwa karne ya 20. Wanubi, kama wanavyoitwa, walipewa ruhusa za kuishi na kulima lakini si hati, na Tume ya Ardhi ya 1933 ikatamka kwamba walikaa pale kwa hisani ya serikali tu. Uhuru uliwakuta katika kizazi cha tatu. Kwa herufi za katiba ya 1963, aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya alikuwa raia moja kwa moja, wala hakuhitaji kujiandikisha kama walivyotakiwa Wahindi na Wazungu wengi kufanya kabla ya Desemba 1965. Lakini katika ofisi za serikali uraia wa Mwafrika uliendelea kusomwa kwa macho ya kikoloni, ambapo kila mtu lazima awe na kabila na kila kabila liwe na ardhi ya asili yake. Wanubi hawakuwa na wilaya. Katika sensa waliwekwa chini ya wengineo hadi 2009, na vijana wao waliofika umri wa kitambulisho walipelekwa mbele ya kamati za kuwahoji, jambo ambalo kamati ya Afrika ya haki za watoto ililitolea uamuzi dhidi ya Kenya mwezi Machi 2011. Ardhi ya Kibera iliyokadiriwa kuwa ekari zaidi ya 4,000 wakati wa ukoloni ilimegwa kujengwa mitaa ya makazi, Olympic na Ayany zikiwamo, na mwaka 2017 jumuiya ya Wanubi ikapewa hati ya ekari 288.

Lakini Kianda si ya Wanubi peke yao. Mji ulikua kwa kasi, sensa ya 1969 ikihesabu zaidi ya watu 500,000 Nairobi, na waliokuja kutafuta kazi kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Mkoa wa Kati walijenga au kupanga Kibera, mara nyingi kwa ruhusa ya mdomo ya chifu. Mfumo uliotokea ni wa ajabu kisheria: mwenye nyumba hamiliki kiwanja, mpangaji analipa kodi ya chumba cha futi 10 kwa 10, na serikali, mwenye ardhi, haitambui mkataba wowote kati yao. Kawangware, kwa upande wa pili, ni sehemu ya Dagoretti, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi wenye hati. Wapangaji wake wanaweza kuwa maskini kama wa Kianda, lakini wenye ploti wake wana kile ambacho taifa la Waraka Nambari 10 lilikitambua. Vitongoji hivyo viwili, vilivyo umbali wa mwendo wa miguu, vinaonyesha kwamba mshindi wa mabishano ya 1965 alikuwa hati ya kumiliki, na kwamba asiyekuwa nayo aliachiwa kabila kama kitambulisho cha pekee kilichobaki. Kibera ilipolipuka mwaka 1995, ikalipuka tena 2001 baada ya wanasiasa kuzungumzia kodi za nyumba, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, magazeti yaliandika kuhusu Wanubi na Wajaluo, Wajaluo na Wakikuyu. Swali la nani anamiliki ardhi ambayo wote walikuwa wameikalia lilikuja aya za mwisho, kama lilikuja.

Mwaka 1969 ndio uliofunga kurasa zile. Mboya aliuawa tarehe 5 Julai katikati ya jiji, Oktoba watu walipigwa risasi Kisumu katika ziara ya Kenyatta, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini. Tangu hapo magazeti makubwa yaliendelea kuwa na waandishi hodari, na mengine yaliyokuja baadaye, hasa Weekly Review la Ng'weno lililoanza 1975, yalichambua siasa kwa umahiri usio na shaka, lakini yalichambua nani anapanda na nani anashuka ndani ya taifa lililokwisha kuamuliwa. Baraza lilikoma mwishoni mwa miaka ya 1970. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya bunge mwaka 1974, na Taifa Leo likabaki peke yake kwa muda mrefu, likisomwa shuleni kwa ajili ya insha na mashairi zaidi ya kusomwa ofisini kwa ajili ya maamuzi.

Katika vyumba vya udongo vya Kianda magazeti ya zamani hubandikwa ukutani kuzuia vumbi na baridi, na mandazi ya asubuhi hufungiwa katika kurasa zilizokwisha kusomwa na wengine; watu husimama mbele ya meza ya muuza magazeti wakasoma vichwa vya habari, wakabishana, na kuondoka bila kununua. Hawa ni wasomaji, na wamekuwa wasomaji muda wote huu. Walichokosa ni gazeti linalowahesabu kuwa miongoni mwa wanaoulizwa maoni kuhusu taifa, na ndiyo maana redio ya mtaa ya Pamoja FM, ilipoanza kutangaza Kibera mwaka 2007 kwa Kiswahili cha wakazi wenyewe, ilipata masikio haraka, na wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi ikawa miongoni mwa sauti zilizowasihi majirani wasiuane.

Nakala za magazeti ya miaka ile zimehifadhiwa katika maktaba za Nairobi, hasa Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwa ya Wazungu pekee kwa zaidi ya robo karne, na ambayo sasa ni mali ya serikali ya kaunti. Kilichofanywa hadi leo kuziokoa kimetangulia upande wa Kiingereza. Serikali ya kaunti pamoja na kampuni mbili zilizomiliki Baraza na Taifa Leo zinapaswa kuweka barua na mashairi ya magazeti hayo mahali ambapo mwanafunzi wa Kianda au wa Kawangware anaweza kuyasoma bila malipo na bila barua ya utambulisho, kwa kuwa walioyaandika walikuwa watu wa hali kama yake, na walikuwa wakijadili, kwa lugha anayoitumia kila siku, kama nchi hii ni yao.